Kilomita zilezile, saa tofauti

Umbali wa London hadi New York kwa ndege ni kama kilomita 5,540. Wengi hugawa kwa 900, kasi ya kawaida ya ndege kubwa kwa saa, wakapata saa sita na dakika chache. Kisha wanashangaa tiketi ikiandika karibu saa nane kwenda na saba kurudi.

Kilichosahaulika ni upepo. Kwenye kimo cha kilomita kumi hivi kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na kasi yake inaweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Anayekwenda New York anakabiliana nao uso kwa uso. Anayerudi unamsukuma mgongoni. (Wanaodai ni dunia inayozunguka chini ya ndege wamekosea: hewa nayo inazunguka pamoja na dunia.)

Halafu saa za tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho, si inapopaa. Kujikokota hadi njia ya kurukia, kupanga foleni, kuzungukazunguka angani kungoja ruhusa ya kutua: vyote vimo. Na zile 5,540 ni njia fupi kuliko zote. Rubani anayeelekea magharibi huenda akarefusha safari kidogo ili aukwepe upepo.