Je, wajua kwa nini msitu wa Kusini hupukutisha majani wakati wa kipupwe?

Ukishika barabara ya Lindi kwenda Nachingwea mwezi Julai, utaona mambo mawili yasiyolingana. Mikorosho imesimama kijani kibichi, tena ndiyo kwanza inatoa maua. Nyuma yake miyombo na mitondoro imegeuka njano na hudhurungi, na mingine imebaki matawi matupu. Udongo ni ule ule na jua ni lile lile. Kwa nini mmoja avae na mwingine avue?

Nchi za kaskazini, mti huhesabu mwanga. London hupata zaidi ya saa 16 za mchana mwezi Juni na chini ya saa 8 mwezi Desemba, na kufupika huko kwa siku ndiko kunakouambia mti ujiandae kwa baridi. Mtwara hatuna tofauti ya namna hiyo. Siku fupi kuliko zote, karibu na tarehe 21 Juni, ina takriban saa 11 na nusu za mchana. Ile ndefu ya Desemba ina saa 12 na dakika 40 hivi. Kinachobadilika huku ni maji. Mvua hukatika Aprili au Mei, na hairudi kwa uhakika mpaka mwishoni mwa Novemba au Desemba.

Jani hunyonya hewa kwa matundu madogo sana, na kila yakifunguka mvuke wa maji hutoka. Mti wenye maelfu ya majani katikati ya kiangazi ni sawa na mtungi uliotoboka. Mkorosho huvumilia kwa sababu mizizi yake huenda mbali na majani yake ni mazito kama ngozi. Miyombo huchagua kufunga duka.

Lakini haitupi majani ovyo. Kwanza hurudisha ndani ya matawi virutubisho vyenye thamani, hasa naitrojeni na fosforasi. Klorofili, ile rangi ya kijani, huvunjwavunjwa, na njano iliyokuwa imefichwa chini yake ikaonekana. Kisha penye shina la kikonyo hujengeka tabaka la seli dhaifu, na upande wa tawi kidonda huzibwa mapema. Upepo wa kusi ukipiga kidogo, jani limekwenda. Ukitaka kuhakikisha, tafuta tawi lililovunjika au kukatwa kwa shoka kabla ya kiangazi: majani yake makavu hung'ang'ania kwa miezi, kwa kuwa tawi lilikufa kabla ya kujenga tabaka hilo.

Basi hapo ndipo faraja ya msitu huu ilipo. Majani yanapopukutika, paa la msitu hufunguka, na mwanga wa saa kumi hufika hadi chini, pahali ambapo Machi palikuwa na kivuli kizito. Kwamba kutazama miti humtuliza mtu si hisia tu. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha matokeo kutoka hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani: wagonjwa waliopasuliwa nyongo na kulazwa kwenye vyumba vyenye dirisha linalotazama miti walitoka mapema zaidi, na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache kuliko wale waliotazama ukuta wa matofali.

Muda mzuri wa kutembea msituni ni kuanzia saa 10 jioni. Mwezi Juni jua la Mtwara huzama dakika chache tu baada ya saa 12, na kwetu machweo hayana subira: baada ya dakika 20 hadi 25 huoni tena unapokanyaga. Geuza saa 11 na nusu. Msitu wa kijiji, pitia kwanza ofisi ya serikali ya kijiji. Hifadhi kama Rondo, huko Lindi, omba kibali kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Kaa kimya kidogo, na kuelekea Septemba utasikia maganda ya mitondoro yakipasuka kwa mlio mkavu na kurusha mbegu mbali. Mninga utautambua hata ukiwa hauna jani: maganda yake ya mviringo hubaki yananing'inia, katikati yana miiba na pembeni ukingo mwembamba. Kule Rondo kuna komba mdogo wa uzito wa gramu 60 hivi, ambaye huanza kuita giza likiingia.

Viatu viwe vya kufunika mguu. Kifutu hulala juu ya majani makavu, rangi yake ni hiyo hiyo, na hakimbii akisikia hatua; hukanyagwa. Nguo nyeusi na za bluu iliyokolea huvuta mbung'o, kwa hiyo vaa kaki. Usiwashe moto wala kutupa kichungi cha sigara. Moto wa Juni, majani yakiwa bado na unyevu, hutambaa. Wa Septemba huua miche na kupanda hadi matawini.

Msumbufu mkubwa, kwa maoni yetu, ni upupu. Vitumba vyake hukauka msimu huu huu, na vinyweleo vyake hupeperuka bila hata kuvigusa. Vikikupata usijikune wala kujifuta kwa kitambaa, maana unavizamisha zaidi. Bandika utepe wa gundi na kuubandua mara kadhaa, ndipo uoge kwa sabuni na maji mengi. Nguo ulizovaa zifuliwe peke yake. Ukizichanganya na za watoto, kesho nyumba nzima itajikuna.