Laskarina: jina la kike la Kigiriki lenye asili ya jeshi

Ukisoma historia ya Ugiriki lazima utakutana na Bouboulina, yule mama aliyekuwa na meli zake za vita, ila wengi hawajui kwamba hilo Bouboulina amelipata kwa mume wake wa pili, nahodha Dimitrios Bouboulis. Kwa Wagiriki mke wa Bouboulis anaitwa Bouboulina, hiyo -ina ndo inaonyesha ni mwanamke. Jina lake mwenyewe la tangu utotoni ni Laskarina, na mimi naona ndo lingepaswa kukumbukwa zaidi maana lina historia nzito na ni jina adimu hata hukohuko Ugiriki.

Limetengenezwa hivyohivyo, Laskaris ukaongeza -ina. Laskaris ni ukoo. Mwaka 1204 wapiganaji wa vita vya msalaba kutoka Ulaya Magharibi walipoiteka Constantinople, leo ni Istanbul, Theodoros Laskaris akakimbilia Nicaea, leo ni İznik huko Uturuki, akaanzisha dola ya Wagiriki waliobaki na ukoo wake ukatawala hadi 1261. Wa mwisho wao alikuwa mtoto tu, Ioannis wa nne, alitobolewa macho akiwa na miaka kama 11 ili asije kudai kiti, inauma sana kusoma hiyo. Ufalme ukaisha ila jina likaendelea kusambaa, mpaka kitabu cha kwanza kuchapwa chote kwa Kigiriki, Milan mwaka 1476, kilikuwa cha sarufi na mwandishi wake ni Konstantinos Laskaris.

Sasa maana. Wengi wanaochambua haya majina wanalihusisha na lashkar ya Kiajemi, yaani jeshi, na Waarabu nao wana askar kwa maana hiyohiyo, ndo sisi tukapata askari. Kwahiyo ukitaka kulielewa Laskarina kirahisi chukulia ni binti wa ukoo wa kijeshi, kitu ambacho ukilisikia tu huwezi kukidhania kabisa, linasikika laini.

Na huyu aliyelibeba alilitendea haki. Alizaliwa 1771 ndani ya gereza Constantinople, mama yake alikuwa ameenda kumuona mumewe aliyefungwa kwa kushiriki uasi dhidi ya Waturuki. Akakulia kisiwa cha Spetses, akafiwa na waume wawili wote mabaharia, mali aliyoachiwa akaiweka kwenye meli, kubwa kuliko zote ikiwa Agamemnon yenye mizinga 18, na vita vya uhuru vilipoanza 1821 akaenda mwenyewe kuuzingira mji wa Nafplio uliokuwa mikononi mwa Waturuki. Risasi iliyomuua 1825 haikutoka hata kwa adui, ilikuwa ugomvi wa familia pale Spetses, kijana wake alitoroka na binti wa watu. Baadaye sura yake iliwekwa kwenye sarafu ya drakma 1 iliyotoka 1988.

Wanaolitumia leo mara nyingi wamelirithi kwa bibi zao, maana Wagiriki wana desturi ya kumpa mtoto jina la babu au bibi. Kulitamka hakuna shida kwetu, mkazo unakaa kwenye -ri-, silabi ya pili kutoka mwisho kama maneno yetu mengi tu, Laskarina, soma kama ulivyoliona.