Mbunge asiyesikika ukumbini huenda anauliza kwa maandishi

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye makundi ya WhatsApp: orodha ya wabunge "mabubu", ukidai kwamba asiyesimama bungeni kuuliza swali hajamhoji waziri yeyote. Si kweli, na naomba tuache kuusambaza, maana unamchafulia jina hata anayefanya kazi.

Mabunge mengi hupokea maswali ya aina mbili. Ya mdomo hujibiwa ukumbini, mbele ya kamera, kwa muda mfupi. Ya maandishi hupelekwa kwa waziri kupitia ofisi ya bunge, naye hujibu kwa maandishi. Haya hayapigiwi makofi, lakini ndiyo yanayofaa kudai takwimu: fedha zilizotumika mwaka hadi mwaka, mikataba iliyosainiwa, idadi ya watumishi kila wilaya. Nani angeyajibu hayo papo hapo bila kubahatisha? Jibu likishaandikwa linakuwa kauli rasmi ya serikali, na yeyote anaweza kulilinganisha na hali halisi.

Yana udhaifu pia. Ni vigumu kumbana waziri kwa swali la nyongeza pale pale, na majibu mengine huchelewa au hukwepa hoja.

Tunachanganyikiwa kwa sababu runinga huonyesha ukumbi, haionyeshi karatasi. Anayetaka uhakika atafute jina la mbunge wake katika kumbukumbu rasmi za bunge, yaani Hansadi, pamoja na orodha ya maswali ya maandishi. Mabunge mengi huziweka kwenye tovuti zao.