Tineja si kila aliyebalehe

Juzi nimelisikia tena neno tineja likitumiwa ovyo, safari hii na mtu ninayemheshimu. Alikuwa akiizungumzia The Catcher in the Rye, riwaya ya Mmarekani J. D. Salinger, akasema kwamba msimulizi wake, Holden Caulfield, ni tineja kama matineja wote waliokuwepo tangu Adamu, na kwamba riwaya hiyo inatuonyesha vijana wa Marekani wa baada ya Vita Kuu ya Pili, wale wa majaketi ya ngozi na muziki wa roki. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilirudi nyumbani nimekereka, kwa sababu kauli hiyo moja ina makosa mawili, na yote mawili yanatoka katika neno tineja.

Maana yake ni fupi. Tineja ni mtu wa miaka 13 hadi 19 katika jamii iliyomtengea nafasi kati ya utoto na utu uzima: ana shule yake, mavazi yake, muziki wake na hela kidogo ya mfukoni, lakini mambo ya watu wazima bado hajaruhusiwa kuyagusa. Nusu ya kwanza ya maana hiyo kila mtu anaijua. Nusu ya pili ndiyo inayosahaulika.

Neno lenyewe limetoka kwenye kuhesabu. Kiingereza kina namba saba zinazoishia na "-teen", kuanzia thirteen mpaka nineteen, na mwenye umri unaoishia hivyo akaitwa "teen-ager". Kwa nini basi isianzie 11? Kwa sababu mababu wa lugha hiyo walipofika kumi hawakuendelea kwa mtindo mmoja. "Eleven" asili yake ni "moja imebaki", na "twelve" ni "mbili zimebaki", yaani baada ya kuondoa kumi. Mtindo wa "-teen" ukaanza kwenye 13. Ndiyo maana mtoto wa miaka 12 anayezungumza Kiingereza haitwi tineja, na siku ya pili baada ya kutimiza 13 anaitwa. Mwilini mwake hakuna kilichotokea usiku huo.

Sisi tunasema kumi na moja hadi kumi na tisa bila kubadilisha mwendo. Na wazee wa Pwani waliohesabu edashara, thenashara, thelathashara walianza mlio wa "-ashara" palepale kwenye 11. Neno hili lingezaliwa Mvita au Unguja, mtoto wa darasa la tano angekuwa ndani. Nalisema hili kwa uzito, maana wapo wanaoichukulia 13 kama mpaka uliowekwa na maumbile, wakati ni mpaka uliowekwa na kiambishi.

Sasa linganisha na balehe. Hili tumelipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni kufika. Aliyebalehe amefika. Kwa Mwislamu, kijana akishabalehe sala na saumu zinakuwa wajibu wake. Hawezi tena kusema yeye ni mtoto. Msichana aliyekuwa kigori jana, akivunja ungo, katika jamii nyingi za kwetu aliwekwa ndani, akafundwa na somo wake, na alipotolewa nje alitoka mwari aliyefunzwa, mtu wa kuposwa. Barobaro naye hakuwa mtu wa kusubiri. Neno lenyewe limebeba nguvu za kazi. Maneno haya yote yana mlango: unaingia upande mmoja, unatokea wa pili, na ukitokea kuna jambo unalodaiwa.

Tineja hana mlango wa namna hiyo. Mwili wake umefika, lakini jamii imemwambia asubiri miaka mitano, sita, saba. Kubalehe huleta wajibu, utineja huuahirisha. Ukitafsiri moja kwa lingine umegeuza maana juu chini, na hili ndilo linaloniudhi kuliko mengine yote. Hata "kijana" halitoshi, maana katika sera ya vijana ya Tanzania kijana ni wa miaka 15 hadi 35, mtu anayeweza kuwa na watoto wanne na shamba lake.

Nani aliyemwambia asubiri? Mwaka 1900, Wamarekani waliomaliza shule ya sekondari walikuwa kama 6 tu katika kila 100 wa umri huo. Wengine walikuwa mashambani, viwandani, migodini, wakifanya kazi na watu wazima. Ukaja mdororo wa uchumi ulioanza 1929, ajira zikakauka hata kwa wenye familia, na watoto wakabaki shuleni kwa kukosa pa kwenda. Mwaka 1938 sheria ya kazi ya Marekani ikazuia viwanda vinavyouza bidhaa nje ya jimbo kuajiri walio chini ya miaka 16. Kufikia 1940 waliomaliza sekondari walikuwa karibu nusu. Weka mamilioni ya watu wa rika moja katika majengo yao wenyewe mwaka baada ya mwaka, nao watazua lugha yao, dansi yao na soksi zao. Neno tineja likaanza kuenea magazetini mwanzoni mwa miaka ya 1940. Septemba 1944 likatoka jarida la Seventeen kwa ajili ya wasichana wa sekondari, na Oktoba mwaka huohuo umati wa wasichana ukafurika ukumbi wa Paramount, New York, kumtaka mwimbaji Frank Sinatra, mpaka mitaa ikazibika. Tazama tarehe hizo. Vita ilikuwa bado inapiganwa. Salinger mwenyewe alikuwa askari Ulaya. Juni 6 ya mwaka huo alishuka ufukweni Normandy, Ufaransa.

Kwa hiyo riwaya iliyochapishwa Julai 1951 inamkuta tineja ana miaka michache tu tangu apewe jina. Tena kisa chenyewe ni cha nyuma zaidi. Holden anasema mdogo wake Allie alifariki Julai 18, 1946, na kwamba yeye wakati huo alikuwa na miaka 13. Anapofukuzwa shule na kuzurura New York mwezi Desemba ana 16. Piga hesabu: ni mwisho wa 1949. Elvis Presley, mwimbaji wa roki, alitikisa Marekani mwaka 1956. Majaketi ya ngozi na roki ni ya rika lililomfuata Holden, lile lililokisoma kitabu likajiona humo.

Hali yake inaonekana wazi kwenye ukumbi wa hoteli usiku ule wa kwanza. Ana urefu wa futi sita na inchi mbili na nusu, ana mvi upande mmoja wa kichwa. Anaagiza wiski kwa sauti ya mtu mzima, mhudumu anamtaka uthibitisho wa umri, na mwisho anakunywa soda ya koka. Saa chache baadaye, kwenye klabu nyingine, anauziwa pombe bila swali. Mji uleule, usiku uleule, mara ni mtoto, mara ni mteja. Barobaro wa kwetu asingekutana na fumbo hilo.

Basi, ndugu yangu, kumwita Holden tineja hukukosea, na ninafurahi kwamba unakisoma kitabu hicho na watu. Naomba tu umwache Adamu nje ya habari hii, na roki uisogeze mbele miaka kadhaa. Ukitaka kusikia muziki wa Holden mwenyewe, angalia anachomnunulia mdogo wake Phoebe kwa dola tano: santuri ya wimbo uliorekodiwa kama miaka ishirini nyuma, kabla mtu yeyote hajafikiria kuwaimbia matineja. Inamdondoka bustanini usiku na kuvunjika vipande kama hamsini. Anaviokota, anavitia mfukoni mwa koti, na Phoebe anavipokea na kuviweka kwenye droo.