Uchoraji wa mandhari wa kiromantiki: tuutazame kupitia ngome ya Schreckenstein

Uchoraji wa mandhari wa kiromantiki, yaani wa mkondo wa sanaa uliotanguliza hisia, sio mambo ya mapenzi, ni ule ambao mto, mlima, miti na magofu sio pambo la nyuma, ndo vimebeba habari yenyewe. Ulishamiri sana Ujerumani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1700 mpaka katikati ya miaka ya 1800, na mji wa Dresden ndo ulikuwa kitovu chake, maana mchoraji Caspar David Friedrich aliishi na kuchora pale, na msimamo wake ulikuwa mchoraji asiishie kuchora anachokiona mbele yake tu, achore na anachokiona ndani yake.

Hapo ndo tofauti ilipo na wachoraji waliotangulia. Bernardo Bellotto, Mwitaliano, alichora Dresden kutoka ng'ambo ya mto Elbe mwaka 1748, na kazi zake zilikuwa sahihi kiasi kwamba picha zake za Warsaw zilikuja kusaidia kuujenga upya ule mji baada ya vita vya pili vya dunia. Ni kazi kubwa ile, ila lengo lake lilikuwa uone jengo lilivyo.

Sasa chukua picha ya Ludwig Richter, mzaliwa wa Dresden, ya mwaka 1837, watu wanavuka Elbe kwa mashua chini ya gofu la Schreckenstein. Ngome ni ya kweli, ilijengwa miaka ya 1300 juu ya jabali kulinda njia ya biashara ya mtoni, leo iko Czechia kwenye mji wa Ústí nad Labem na wenyewe wanaiita Střekov. Richter alikuwa amekaa Italia miaka ya 1820, akarudi kwao roho yote imebaki kule, mpaka alipotembea Bohemia, eneo ambalo leo liko Czechia, kando ya Elbe ndo akaona kumbe uzuri aliokuwa anautamani mbali uko hapahapa jirani.

Angalia ndani ya mashua. Kuna mzee anayevusha watu, ana kiko cha tumbaku mdomoni, kuna mzee mwingine anapiga kinubi, kuna vijana wawili wapenzi, kuna mtoto, halafu kijana mmoja kasimama kainua uso anaitazama ngome. Yaani umri wote wa binadamu umepakiwa kwenye chombo kimoja, jioni, jua limeshazama, na juu yao jengo lililokuwa na nguvu zake sasa limebaki kuta. Richter hajaandika popote kwamba maisha yanapita, mto na gofu vinasema vyenyewe, na ukiitoa ile ngome unabaki na abiria tu wanaovuka.

Mi napenda zaidi kwamba hajawatia huzuni. Friedrich angemweka mtu mmoja peke yake pale, katugeuzia mgongo, ila Richter kawapa muziki na wenzao wa safari. Picha yenyewe iko kwenye jumba la makumbusho la Albertinum, Dresden.