Je, wajua kilima kizima cha Mwanza kinaweza kujengwa kwa mawe manne?

Ukitazama vilima vya Mwanza kutokea ziwani, unaona nyumba za bati zimepandana hadi juu, katikati ya majabali. Mtengeneza katuni za kompyuta anayeitaka mandhari hiyo hazijengi moja moja. Anachonga vipande visivyofika ishirini: ukuta mtupu, ukuta wenye mlango, wenye dirisha, kona, paa, ngazi, nguzo ya umeme na mawe manne hivi. Yaliyobaki ni nakala.

Mbona kompyuta haielemewi? Katika Blender, programu ya bure ambayo wengi huanzia, ukibonyeza Alt na D unapata nakala isiyobeba umbo jipya. Umbo la ukuta limehifadhiwa mara moja tu. Kila nakala inaongeza taarifa chache: iko wapi, imegeukia wapi, ina ukubwa gani. Rekebisha dirisha moja, ya mtaa mzima yanafuata. (Ukizoea Shift na D, kila nakala inajitegemea, na marekebisho utayafanya nyumba kwa nyumba.)

Kazi yenyewe iko kwenye vipimo, kama kwa fundi wa tofali. Ukuta uwe na upana wa mita 2 au 4, kimo mita 3, basi, usibadilishe njiani. Egemeo, yaani nukta ambayo kipande huzungukia, liweke kwenye kona ya chini, ili vipande vinase kwenye miraba ya kupimia ya programu bila kuacha mwanya. Mwanya wa sentimita moja hupitisha mwanga. Na nyuso mbili zikilaliana mahali pamoja kabisa, kompyuta haijui ipi iko mbele, picha inachezacheza.

Tatizo ni kwamba Mwanza haikai kwenye miraba. Hapo ndipo mawe yanapookoa jahazi. Jiwe halina mbele wala nyuma: ligeuze, lipindue, lizike nusu, tayari ni jiwe jingine. Tena linaziba pengo kati ya nyumba ya chini na ya juu yake. Isipokuwa Mwamba wa Bismarck. Huo uchonge peke yake, maana kila mtu wa Mwanza anaujua.

Jicho hushtukia alama, si umbo. Doa lile lile la kutu kwenye mapaa matatu linakuumbua, kwa hiyo kutu, madishi na kamba za nguo viwe vipande vya kubandika.

Wepesi huu una faida kubwa. Dakika 2 za katuni, kwa fremu (yaani picha moja moja) 24 kila sekunde, ni fremu 2,880. Fremu moja ikichukua sekunde 30 kuchorwa, kompyuta itakesha saa 24 kamili, umeme usipokatika.

Ndiyo maana kamera isipopaona mahali, hapajengwi. Nyumba nyingi hazina ukuta wa nyuma. Ila kama tukio ni la asubuhi, jua linachomoza nyuma ya kilima na kupenya hadi madirisha ya mbele. Bandika ukuta mtupu.