Eti wenzetu wanatunza

Picha imenifikia tena, safari hii kupitia kundi la WhatsApp la watu wa mtaani. Jengo la matofali la ghorofa moja, kwenye kona ya barabara huko Marekani, na chini yake maneno: "Hapa ndipo alipoanzia Walt Disney. Wenzetu wanajua kutunza, sisi Beit al-Ajaib imetushinda." Anasema lile jumba la kale la Zanzibar lililoporomoka.

Kila nyumba ikianguka hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, naletewa sentensi hiyo. Kazi yangu ni nyumba kongwe, nashinda na chokaa mpaka kucha zimebadilika rangi, kwa hiyo huwa nanyamaza. Leo siwezi, maana huyu jamaa kachagua mfano mbaya kuliko yote.

Jengo hilo linaitwa McConahay, nambari 1127 East 31st Street, Kansas City, jimbo la Missouri. Ni la 1922. Mchoro wake ni wa Nelle Peters, mwanamke msanifu aliyechora mamia ya majengo mjini humo wakati wanawake wa fani hiyo walikuwa wa kuhesabika, na ambaye hakuna anayemtaja kwenye picha hizi. Halikujengwa liwe studio. Ni jengo la biashara la kawaida: chini maduka na mgahawa, juu vyumba vya ofisi. Disney, kijana wa miaka 20, alikuwa mpangaji.

Kampuni yake ya katuni, Laugh-O-Gram Films, iliandikishwa Mei 1922 kwa mtaji wa dola 15,000. Ilipanga juu na kuajiri vijana wenzake, wakiwemo Ub Iwerks, Hugh Harman na Rudolf Ising. Kampuni moja ya Tennessee ikawaagiza filamu za ngano kwa dola 11,000, ikatanguliza dola 100, kisha ikafilisika. Dola mia! Fundi yeyote hapa anaijua ladha ya kazi ya namna hiyo. Daktari wa meno akawapa dola 500 wamtengenezee filamu ya kuwafundisha watoto kupiga mswaki, nazo zikaisha. Disney akawa analala ofisini na kwenda kuoga stesheni ya treni kwa senti 10, mpaka kiangazi cha 1923 alipopanda treni kwenda California. Kufika Oktoba kampuni imeshafilisika rasmi. Yaani jengo zima tunaloliimba lilimweka Disney mwaka mmoja na kitu. Kuna watu Darajani wana madeni ya kodi ya muda mrefu kuliko huo.

Na kabla hamjaniandikia: Mickey Mouse hakuzaliwa pale. Disney mwenyewe alipenda kumsimulia panya aliyemzoea mezani kwake Kansas City, na kisa ni kitamu, lakini Mickey ni wa 1928, na aliyempa sura ni Iwerks, wakiwa Los Angeles, kwenye studio ya Hyperion Avenue. Filamu ya Snow White pia ilitengenezwa hapo hapo Hyperion. Studio hiyo iko wapi leo? Ilibomolewa 1966. Pana supamaketi. Alipozaliwa panya maarufu kuliko wote duniani, watu wananunua jibini. Hao ndio wenzetu.

Turudi McConahay. Mwaka 1978 liliingizwa kwenye Orodha ya Taifa ya Mahali pa Kihistoria, na hapa ndipo ninapopandwa na damu, kwa sababu watu wakisikia "orodha" wanadhani kuna askari mlangoni. Orodha ile ni heshima. Mwenye jengo anayetumia pesa zake mwenyewe, asiyehitaji fedha wala kibali cha serikali kuu, anaweza kulivunja kesho asubuhi na orodha isimguse. Cha kumzuia, kama kipo, ni sheria za mji. Cha kumshawishi ni nafuu ya kodi: akikarabati jengo la kuingiza kipato kwa viwango vinavyotakiwa, asilimia 20 ya gharama hupunguzwa kwenye kodi yake. Hata serikali kuu inapokuwa na mkono kwenye mradi, sheria inadai athari zichunguzwe na wahusika wasikilizwe. Haidai jengo libaki. Na hakuna popote kwenye orodha hiyo panapomlazimisha mtu kuziba paa linalovuja.

Kwa hiyo McConahay lilioza likiwa kwenye orodha, mpaka likawa gofu. Waliolinusuru ni watu wa kawaida waliounda shirika miaka ya 1990, wakachangisha, familia ya Disney nayo ikatoa fungu, kuta zikaimarishwa. Sasa tazameni kwetu: Mji Mkongwe uliingia Urithi wa Dunia mwaka 2000. Beit al-Ajaib, ya 1883, iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafa. Mambo ni yale yale. Kuandikisha ni kazi ya mezani. Kutunza ni mtu kupanda paani kabla ya kila masika.

Maana muuaji ni maji, huku na kule. Kwetu boriti za mikoko zimelala ndani ya ukuta wa mawe na chokaa. Mchirizi ukiziba, maji yanashuka ukutani na kuinywesha ncha ya boriti pale pasipoonekana. Juzi Malindi, hapa hapa Mji Mkongwe, nilichoma bisibisi kwenye ncha moja iliyopakwa rangi vizuri, nzima kabisa kwa macho. Ilizama mpaka mpini. Nilipoichomoa ilitoka na unga mweusi unaonuka uyoga, na mwenye nyumba akaniuliza kama nimeitoboa mimi. Kule ukuta ni tofali, na ukishapoteza paa na sakafu hauna tena cha kuushika, unaanza kuinama. Tena wao wana baridi: maji yaliyopenya kwenye tofali yanaganda, yanatanuka, uso wa tofali unabanduka kama ukoko. Habari ya saruji juu ya ukuta wa chokaa sirudii. Usiipige, basi.

Sasa lisilosemwa vitabuni. McConahay lingeletwa kwangu, sina hakika ningeshauri lihangaikiwe. Vilivyokuwa na maana mle ni meza, kamera na vijana wenye njaa, na vyote viliondoka 1923. Lililobaki ni ganda. Badilisha tofali moja, jengo ni lile lile. Badilisha mia. Jenga ukuta upya, weka paa jipya na sakafu mpya. Tunachohifadhi ni nini, anwani? Tulifundishwa kuandika kila kitu na kutofautisha kipya na cha zamani, na ninafanya hivyo. Lakini nimewahi kubadilisha boriti zote za chumba kizima, kisha nikamsikia mwenye nyumba akiwaambia wageni ni za enzi za Sultani. Nikajikohoza, nikashuka ngazi.

Ila nikiikumbuka ile supamaketi, nachagua ganda.

Yule jamaa wa picha nimemjibu kwa picha: mti ulioota kwenye mchirizi wa nyumba ya bibi yake, mizizi imeshaingia ukutani unene wa kidole gumba. Tiki mbili za buluu tangu jana.